Nzi Mwenye Nguo ya Nyigu

Kila asubuhi jirani yangu hapa mtaani Kapata anaosha maua. Malori ya mgodi yakishapita, anachovya kitambaa ndani ya ndoo na kupangusa vumbi jekundu kwenye giligilani aliyoiacha makusudi ichanue kando ya kabichi zake, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Vidole vyake vinanukia giligilani hata Jumapili kanisani. Sauti yake ni ndogo. Ukitaka kumsikia, lazima umsogelee.

Jana nilimsogelea na pampu ya dawa, maana maua yale yalijaa nyigu wa mistari ya manjano, na wanangu huchezea hapo. "Mama, toka hapo, mi napuliza!" Hakutoka. Alimkamata mdudu mmoja kwa vidole viwili, akamtia kinywani, akafunga midomo. Nilipiga yowe. Yeye alinitazama tu, shavu likitetemeka kwa mvumo wa ndani. Kisha akafumbua midomo. Mdudu akaruka, akarudi moja kwa moja kwenye ua.

"Ni inzi tu, mama," akaninong'oneza. "Anavaaka nguo ya nyigu juu ya kuogopesha bantu. Batoto yake ndio banakulaka bidudu ya ku majani ya kabichi. Unataka kuua bale batoto?"

Kinywa chake kilikuwa kimeshafungwa. Changu kilikuwa bado wazi.