Nilichemsha mdomo wa saksafoni ya mpiga jazz, mjini Baraka, siku ya harusi

Wakuu, marahaba. Nimetangulia kuitikia kwa sababu kwa umri wangu sidhani kama humu yupo wa kumwamkia.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Chumvi sitatia, hata daktari amenikataza.

Juzi nilikuta vijana humu wanabishana saksafoni ipi ni kali, ya dhahabu au ya fedha. Nikacheka peke yangu. Ngoja niwape story ya mdomo.

Ni miaka ya hamsini, mwishoni. Sasa naishi Kigoma, lakini mimi ni mzaliwa wa Baraka, kule Fizi, ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msaidizi kwenye dispensari.

Sista mzungu aliyetusimamia, ma sœur kama tulivyomwita, alikuwa na sheria moja: chochote kinachoingia kinywani mwa mgonjwa kinachemshwa. Niliishika hiyo sheria kama amri ya kanisani. Niliwahi kuchemsha hadi kipimajoto, kikapasuka. Sista akaniambia nikiharibu kitu kingine nitarudi kijijini Nundu kulima mihogo na shangazi.

Basi, mjue mnaongea na mtu wa aina gani.

Jumamosi moja kulikuwa na harusi ya karani mmoja, ikaletwa orkesta kutoka Albertville, ile mnayoiita Kalemie leo. Walikuja kwa boti, wakapitia Kazimia. Wakati ule kila orkesta tuliiita jazz, tukaishia hapo.

Asubuhi mpiga saksafoni wao akaja dispensari. Nitamwita Papa Damasi. Mwembamba, shati limenyooshwa hadi linakata, na kidonda ndani ya mdomo wa chini. Nikampaka dawa ile ya zambarau.

Akakaa kusubiri ikauke, akatoa kopo la tumbaku. Ndani hamna tumbaku. Kuna kipande cha kioo, na juu yake vibanzi vinne vya tete vilivyochongwa, vimelazwa kama wagonjwa wodini.

Nikamuuliza ni nini.

"Hizi njo ndimi za saksafoni, mama. Bazungu banaita anche. Bila hii, saksafoni ni bomba tu."

Wakuu, sijawahi kuona mtu anatunza kitu namna ile. Kila ulimi ulikuwa na alama yake ya penseli. Akiupiga mmoja leo, kesho unapumzika. Mpya anaupiga dakika chache tu kwa siku, wiki nzima, ndipo anauamini.

"Ulimi mupya haiimbake harusi," akaniambia.

Anazilowesha kwa maji matupu, bia hapana. Mwenzangu alimletea karanga akazikataa, eti mafuta yanaua ulimi. Siku ya kupiga hali hata mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa letu. Mtu yuko Baraka halafu anakataa mgebuka!

Ndipo akanieleza shida yake. Mkuu wa orkesta alikuwa amepata kijana mwingine huko kwao. Akamwambia Damasi wazi: saksafoni ikikoroma Baraka, safari yako na sisi imeishia hapo.

Alipotoka kwenda kunyoosha miguu, akaniachia mdomo wa saksafoni, ile sehemu nyeusi ambayo ulimi unafungwa juu yake. Wao waliiita bec.

"Uko na mikono safi, mama. Unioshee bec kidogo, sababu ya hii kidonda."

Alisema unioshee. Mimi nikasikia uchemshe.

Nilipoinua kifuniko cha sufuria, harufu ya kiberiti ikanipiga puani. Ule weusi wa kung'aa ulikuwa umegeuka kijani cha tope. Nikautoa majini. Nilijua nimemmaliza mtu.

Papa Damasi akarudi, akanusa tu akajua.

"Ulichemusha?"

"Ndiyo, papa. Ma sœur alitufundisha kitu ya kuingia mu kinywa inachemushwa."

Hakunipiga, hakunitukana. Akafunga ulimi juu ya ule mdomo, akaziba tundu la nyuma kwa kiganja, akavuta pumzi yote iliyokuwa ndani. Kumbe ndivyo wanavyopima. Ulimi ukinata halafu ukaachia kwa kishindo, pa! basi ni mzima. Ule wa kwetu uliachia papo hapo kama mlango usio na komeo.

"Imepinda. Iko inavuja hewa," akasema. Nikaanza kulia, nikamwambia sista akijua atanirudisha Nundu.

"Utalia kisha, mama. Sasa unitafutie kioo ya dirisha, na majani ya musasa, ile bamama banasugulia sufuria."

Kwa wasioujua, msasa ni mti ambao majani yake yanakwaruza. Nilikuwa nimesugulia masufuria nayo tangu utotoni, sikudhani yana kazi nyingine.

Akalaza kioo mezani, jani kavu juu yake, akaanza kusugua upande bapa wa ule mdomo. Mara tatu, anatazama kwenye mwanga. Mara mbili, anavuta pumzi. Saa nzima hivyo. Halafu akahamia kwenye ulimi, akaukwangua kwa wembe vumbi kidogo mno hata sikuliona likidondoka. Alikuwa anaufundisha ulimi kufuata kilema nilichoutia mdomo.

Akavuta pumzi mara ya mwisho. Pa!

Jamani, niliruka!

Mchana kwenye harusi nilisimama karibu na jikoni. Papa Damasi akainuka na mdomo wake wa zambarau, watoto wakamcheka. Akapuliza. Ilitoka sauti nzito, ina mchanga kidogo ndani yake, ikajaa ua zima. Mama wa bibi harusi aliweka chini sinia la wali, akasahau kuliinua. Mimi nililia tena, na safari hii kwa furaha.

Tangu siku hiyo sijawahi kudharau mtu anayeshughulika sana na kitu kidogo.

Walipopumzika, mkuu wa orkesta akachukua saksafoni, akaona kile kijani. Akaja juu mbele ya watu.

"Ni nani aliharibisha hii bec?"

Sista alikuwa pale, hatua tatu kutoka niliposimama mimi. Papa Damasi akamtazama sista, akanitazama na mimi.

"Ni miye, chef. Niliiacha mu jua."

"Mupiga saksafoni gani anaacha bec mu jua? Uko muzembe!"

Watu wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akaipokea saksafoni, akaufuta ule ulimi wa tete kwa kitambaa, taratibu. Nafasi yake hakuipoteza, lakini nilisikia wanamuziki wenzake wakimwita "Papa Jua" hadi wanapanda boti. Mtu makini kuliko wote niliowahi kukutana nao akaondoka Baraka na jina la mzembe, nami nilikuwa nimefunga kinywa.

Funzo langu ni dogo: ukipewa kitu cha mtu ukisafishe, uliza kwanza kinasafishwaje. La pili mnaliona wenyewe.

Wapulizaji mliomo humu, njooni mniambie mnatunzaje ndimi zenu. Na kama yupo ambaye babu yake alipiga saksafoni Albertville wakamwita Papa Jua, tafadhali waambie nyumbani kwenu kwamba si kweli. Hakuiacha juani. Niliichemsha mimi.