Sehemu ya Pili ya Pumuzi

Jenereta ya esansi, yaani petroli, inapowashwa, hutoa kwanza moshi mchungu wenye utamu ndani yake, na mimi nikiunusa hujikuta nimebana pumzi. Majuzi nilikuwa nimekaa kwa fundi cherehani pale mtaa wa Manika nikingoja gauni. Umeme ukakatika, fundi akatoka nje kuvuta kamba ya jenereta, na moshi ukaingia. Nilibana pumzi mpaka machozi yakanilenga.

"Mama, uko mugonjwa?" fundi akaniuliza.

Nikamjibu hapana, nimekumbuka sinema. Alinitazama kwa wasiwasi wa mtu anayejiuliza kama gauni litalipiwa kweli.

Niwaeleze sinema yenyewe, maana hata kama mliiona, hamkuiona kama tulivyoiona sisi.

Tulikaa Musonoi, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Mgodi ulikuwa unakufa polepole, kama mgonjwa anayekataa kulala kitandani. King'ora cha asubuhi kiliendelea kulia, na baba aliendelea kuvaa koti lake la bluu na kwenda stoo alikokuwa karani, lakini mshahara ulikuja siku uliyojisikia kuja, na mifuko ya unga tuliyozoea kugawiwa ikabaki maneno tu. Ukumbi wa sinema wa wafanyakazi ukatiwa kufuli. Ndipo Mama Zaina, mwanamke mfanyabiashara ambaye lori la mume wake lilileta makaa kutoka Mutshatsha, akaweka televisheni na video ndani ya depo yao, ghala la makaa hayo. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, depo iligeuka sinema. Watoto tulikaa juu ya magunia ya makaa na kurudi nyumbani na matako meusi. Mama alisema anatamani kumjua huyo shujaa wa filamu zetu, ili aje amsaidie kufua.

Filamu zilisemwa kwa Kifaransa cha haraka, na wengi wetu tulikishika mkia tu. Kwa hiyo kando ya televisheni kulikuwa na kiti kifupi cha mbao, na juu yake alikaa Mukendi, tuliyemwita Tata, yaani Baba, kwa heshima.

Tata Mukendi alikuwa karani mwenzake baba, meza zao zikitazamana kule stoo. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kifua kilichoitoa. Binti yake Kapinga alikuwa rafiki yangu. Tulizaliwa mwezi mmoja katika hospitali moja, na mama zetu walidai kwamba tulilia kwa zamu. Watu walisema Tata Mukendi anatafsiri, lakini neno hilo ni dogo. Alikuwa akitulisha filamu, akiitia chumvi yake.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilimhusu dereva wa basi ambaye, akibana pumzi, aliweza kuinua kitu chochote duniani. Akipumua tu, nguvu zilimtoka. Jina lake la kizungu sikulijua. Tata Mukendi alimwita Pumuzi, basi akawa Pumuzi. Kule kwenye kioo shujaa alitamka maneno mawili, kwenye kiti Tata Mukendi alimpa ishirini: "Mi natoka ku kazi, sijakula, na sasa banataka niinue daraja!" Mke wa Pumuzi alipofungua mdomo, tulimsikia akifoka: "Unga ilisha tangu juzi, na weye unaenda kuokoa batoto ya wengine!" Akina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka.

Lakini kilichotuleta kila Jumapili ni kidole chake. Pumuzi alipojaza kifua, Tata Mukendi aliinua kidole, na depo nzima ikabana pumzi pamoja naye, wachimbaji wazima na mikono yao mikubwa, Mama Zaina na kiganja kifuani, Kapinga na mashavu kama ndimu mbili. Ilisikika jenereta peke yake nje. Kidole kikishuka, tuliachia wote kwa mara moja, na nilihisi upepo wa watu wote shingoni mwangu.

Mwishoni Pumuzi aliingia mtoni kuinua mashua iliyozama. Maji yakamfunika, na maandishi yakaanza kupanda. Hatukuonyeshwa kama alitoka.

"Hakufa," alisema Kapinga. "Eko anabana tu."

Mimi nilisema amekufa. Tulibishana wiki nyingi, tukatumbukiza nyuso kwenye ndoo kupima mtu anaweza kubana mpaka lini, mpaka mama akatunyang'anya ndoo. Mama Zaina alituapia kwamba iko sehemu ya pili, na mume wake ataileta kutoka Lubumbashi.

Kabla sehemu ya pili haijafika, maneno mengine yalifika. Watu walisema kwamba wale ambao babu zao walitoka mkoa wa Kasai warudi kwao. Nilimuuliza mama yangu: Kapinga, ambaye babu yake alitoka huko, atarudi wapi, ikiwa amezaliwa hapa? Mama aliniambia nichambue maharage. Nilichambua, na nilipoinua kichwa niliona hachambui, anaangalia tu ukuta.

Siku moja mchana tulikuwa bombani, mimi na Kapinga, kila mmoja na bidoni lake la maji. Hakuwa anaongea kama kawaida. Bidoni lake lilipojaa aliliinua kichwani, akasema bila kugeuka, kwa kuwa mwenye maji kichwani hageuki ovyo:

"Ukiona ya pili, utaniambia kama alitoka mu mayi."

"Nitakuambia," nikasema.

Jioni hiyo kundi la vijana lilipita mtaani kwetu na fimbo na nyimbo. Baba alifunga mlango, akakaa mbele yake na mikono juu ya magoti. Asubuhi mlango wa kina Kapinga ulikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu, hata pazia. Walikuwa wamekwenda stesheni ya Kolwezi kama wengine, kungoja treni katikati ya mafurushi, chini ya mashuka yaliyofungwa kwa kamba. Walingoja siku nyingi. Nilikatazwa kwenda. Kisha treni iliwachukua, na bombani nikabaki na foleni fupi. Zamani ningeifurahia.

Nyumbani hatukuwataja. Siku moja nilimsikia baba akimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, kwamba kazini wamempa meza ya Mukendi, ile iliyo karibu na dirisha. Mama hakusema hongera.

Sehemu ya pili ilifika wakati wa mvua. Tulikwenda wote depo, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kila mtu alikaa kwa nafasi. Hakuna aliyetuambia tutawanyike juu ya magunia. Tulijitawanya wenyewe, ili mapengo yasionekane. Nami niliweka kanga ya mama kando yangu, kwenye gunia la Kapinga.

Mama Zaina alishika kaseti, akauliza: "Sasa nani atatutafsiria?"

Halafu baba akainuka. Baba yangu, ambaye hata kanisani alikuwa akiimba kwa midomo tu, alipita katikati ya magunia akaenda kukaa kwenye kile kiti kifupi. Magoti yake yalimfika karibu na kidevu. Meza ameichukua, nikawaza, na sasa anachukua kiti.

Baba alitafsiri kama alivyoandika stoo: kila kitu mahali pake, bila nyongeza. "Anasema, mulango inafungwa. Anasema, atarudia kesho." Mke wa Pumuzi alilia, akasema maneno marefu huku akimshika mumewe kola, sote tukamgeukia baba. Akafikiri kidogo. "Anahuzunika," akasema. Pumuzi alipojaza kifua, baba aliinua kidole, lakini alikiinua kwa kuchelewa. Wengine walikuwa wamekwisha kubana, wengine wamekwisha kuachia. Tulipumua ovyoovyo, kila mtu na pumzi yake.

Na Pumuzi alikuwa hai. Alitoka majini dakika ile ya kwanza kabisa, akikohoa. Niligeuka kumwambia Kapinga, nikakutana na kanga.

Katikati ya filamu Mama Zaina alizima jenereta ili ipoe, na hapo ndipo maoni yalipoanza.

"Hii hapana Pumuzi," alisema Tata Kasongo, mchimbaji jirani yetu. "Banatubadilishia mutu. Muangalie maskio yake."

"Amenona," akasema mwingine. "Mutu ya kunona hawezi kubana pumuzi."

"Na bibi yake!" akadakia mama mmoja. "Mu ya kwanza alikuwa na akili. Sasa anakuwa kama bubu."

Kijana mmoja akasema kaseti ni ya uongo, imetengenezwa na wahuni. Mama Zaina akapandisha sauti: mume wake aliileta kutoka Lubumbashi ndani ya mikono yake mwenyewe, asiyeipenda aende akaangalie mvua. Wakazidi kubishana. Filamu ni ndefu. Mapigano ni machache. Waliotengeneza ya kwanza walikuwa na moyo, waliotengeneza hii wanataka pesa tu. Walikasirika kwa kweli, watu wazima, mishipa ya shingo imewatoka. Wala hakuna aliyekitazama kiti. Baba alikuwa amebana viganja katikati ya magoti, anaangalia sakafu.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua nilikuwa juu ya gunia na sauti yangu ilikuwa nyembamba mno.

"Pumuzi ni ule ule!" nilisema. "Tata Mukendi ndiye hayuko! Mulimufukuza!" Kisha nikamnyooshea baba kidole. "Na weye! Ulikamata meza yake, sasa unakamata na kiti yake!"

Mtu mmoja alikohoa. Mama Zaina akaniambia taratibu nikae: "Mutoto, ikala." Baba alinitazama, na uso wake haukuwa na hasira, ningeijua hasira. Kisha akageukia kioo.

"Mama Zaina," akasema, "washa."

Akaendelea. Watu walianza kutoka mmoja mmoja, kila mmoja akisingizia mvua au mtoto. Baba hakuacha. "Anasema, hajue njia. Anasema, watangoja." Mwishoni tulibaki Mama Zaina, watoto wawili waliolala, mimi, na yeye, akitafsiri kwa sauti ile ile mpaka maandishi ya mwisho yakapanda yakaisha.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma, tukikwepa madimbwi mekundu. Penye mtaro alisimama, akanishika mkono, akanivusha, akauachia. Nilingoja kipigo wiki nzima, hakikuja. Mama, aliyepata habari kwa majirani, aliniambia neno moja tu: "Mayi ikimwangika, haizoleke."

Tangu siku hiyo watoto wenzangu walinikwepa, maana mama zao waliwaambia nina mdomo. Nilikwenda bombani peke yangu. Baada ya miezi mingi mtu wa reli alileta habari kwamba kina Tata Mukendi walifika Mwene-Ditu, huko Kasai, lakini mtoto wao mdogo hakufika. Habari za Kapinga hakuwa nazo. Sijazipata mpaka leo.

Nilipokuwa mtu mzima niliziona filamu zote mbili tena, na safari hii Kifaransa nilikielewa. Katika ya kwanza, mke wa Pumuzi hataji unga hata mara moja. Ya pili si mbaya. Ni ndefu kidogo, hapo walisema kweli, lakini masikio ni yale yale. Nikaelewa kwamba watu wale hawakuwa wanazungumza juu ya filamu. Hapakuwa na mahali pengine pa kusemea jambo lile, na mimi, niliyejiona peke yangu duniani juu ya gunia langu, nilikuwa nimezungukwa na watu waliokuwa peke yao vilevile.

Hilo nilidhani ndilo lote la kuelewa. Kisha baba akafariki, na siku moja baada ya matanga tulikuwa tunakunja nguo zake, mama akacheka ghafla.

"Unakumbuka siku ile ya filimu?" akaniuliza. Akanieleza kwamba wakati kina Mukendi wanangoja treni, alikuwa akipika bukari, ugali wetu, na baba akiipeleka stesheni kwa baiskeli, kwa siri, kwa sababu kuonekana kule kulikuwa hatari. Na Tata Mukendi, aliyekuwa na mtoto mgonjwa mapajani, alimwambia baba kwa jina lake: "Ilunga, ile filimu ikifika, usiache batoto baangalie bure. Ikala pa kiti yangu." Baba alikataa, akasema hana kinywa kama chake. Mukendi akamwambia atakipata. Basi baba akawa anajifunza bafuni, anajimwagia maji huku akiinua kidole, na mama anamsikiliza ukutani.

Nilikaa chini na shati lake mkononi. "Sababu gani hakuniambia?"

"Angekuambia nini?" alisema mama. "Juu ya kiti, ulikosea. Juu ya meza, ulisemaka kweli, mama. Na yeye alijua."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi sasa. Nadhani ndiyo maana hakuinuka hata depo ilipobaki tupu. Nyumba ya rafiki yake hakuweza kuilinda, na meza yake hakuikataa. Filamu ile aliweza kuifikisha mwisho, na akaifikisha.