Wiki Niliyoizima Simu

Laiti ningemkatalia binti yangu siku ile. Alinipigia kutoka Nairobi, akaniambia presha yangu haitashuka nikiendelea kukesha na mabishano ya magrupu na video za vita. "Baba, izime japo wiki moja. Dunia haitakukimbia." Nikakubali. Nikaizima, nikaitia kabatini chini ya mashuka. Hakuna aliyenilazimisha.

Naishi peke yangu hapa Mishomoroni tangu mke wangu afariki. Dada yangu, ndugu pekee aliyekuwa amenibakia, alikuwa Shika Adabu, ng'ambo ya feri, mgonjwa wa figo. Kila siku baada ya alasiri alinipigia. Sikumwarifu kwamba nazima simu. Nilijua angenicheka, aseme mzee umeanza kususa kama mwari. Nilijiambia nitamwendea Jumapili.

Siku mbili za mwanzo nililala usingizi mzito. Naona haya kusema kwamba nilifurahi.

Siku ya tatu, jua likizama, mwana wa dada yangu alisimama mlangoni, kanzu imejaa udongo. Hata shikamoo hakutoa.

"Mjomba, simu yako ina nini?"

"Nimeizima. Napumzika."

Akanitazama, kisha akainamisha kichwa. "Mama tumeshamzika."

Zamani habari ya msiba ililetwa kwa miguu; mtu alitumwa kugonga mlango. Siku hizi tangazo hutiwa kwenye grupu, na kila mmoja huamini mwenziwe ameliona. Walinipigia tangu alfajiri. Walipokosa jibu walidhani nimo njiani, nimekwama kwenye feri. Wakaahirisha mazishi kutoka adhuhuri hadi alasiri, mpaka sheikh akasema maiti hacheleweshwi. Kwetu mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu yake, na mimi kaka yake nilikuwa hai, nimekaa barazani napunga upepo.

Niliitoa simu kabatini, nikaiwasha. Kulikuwa na sauti yake, aliyoirekodi usiku wa kuamkia kifo chake: "Kaka, pokea basi. Nina neno nawe." Iliyofuata ilikuwa pumzi tu. Nimeisikiliza hadi masikio yananivuma. Nimewauliza wanawe mmoja mmoja. Hakuna anayelijua neno lile.

Dada yangu aliniita akifa, sikumwitikia. Nililikosa neno lake la mwisho, na mikono iliyomlaza mwanandani mwa kaburi haikuwa yangu.