Blanketi Hadi Shingoni

Mama alifia angani, tukirudi kutoka India alikokwenda kutibiwa moyo. Wahudumu wa ndege walihangaika naye mpaka wakashindwa. Ndege ilikuwa imejaa, hapakuwa na pa kumlaza, kwa hiyo wakamwacha palepale dirishani, kando yangu. Walimfunga mkanda, wakamfunika blanketi hadi shingoni.

Kwetu Majengo maiti hufunikwa gubigubi. Nikalivuta blanketi likafunika uso. Mhudumu mmoja, Mkenya mwenzangu, akalishusha taratibu.

"Pole sana, dada. Uso tunauacha wazi, abiria wasishtuke."

Wasishtuke! Nilitaka kumtukana. Nikavuta tena, naye akashusha tena. Baadaye walileta chakula, nikala wali wote bila kusikia ladha. Kila ndege ilipotikisika blanketi lilimpanda mama usoni, na sasa ni mimi niliyekuwa nikilishusha. Mzee aliyeketi ng'ambo ya ujia alisema mama yangu amejaliwa usingizi. Nikamwambia ndiyo.

Mambo ya uwanja wa ndege yalipokwisha, tulimleta nyumbani. Shangazi alimlaza kitandani kusubiri kuoshwa, akamfunika kanga mwili mzima, na uso pia. Chumba kilijaa wanawake wa mtaa.

Nikanyoosha mkono, nikaishusha kanga hadi shingoni.

"Wewe, unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Abiria watashtuka," nikamjibu.