"Get" Katika Hoteli ya Mama

Nilikosa usingizi kwa swali moja: nikiwafundisha maana moja tu ya "get", nitakuwa nimewadanganya? Na nikiwafundisha zote, nani atabaki darasani? Nimemaliza chuo juzi, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza: Kiingereza kwa Wachina wanaojenga barabara nje ya mji wa Kitui. Siku ya mahojiano, jikoni mwa kambi yao mlikuwa mkikaangwa kitunguu saumu kwa mafuta moto sana, na harufu ile ilinirudisha Mtito Andei, nikiwa darasa la tano.

Mama alikuwa na hoteli ya mabati karibu na kambi ya reli mpya. Mchina mmoja, Wu, msimamizi wa vibarua wa reli, alikula kwetu kila jioni. Vibarua walimwita Musyoka, yaani aliyerudi, kwa sababu hakukosa kurudi jikoni kuongezewa maharagwe. Mkalimani wao alikuwa anaondoka, na Wu alikuwa ameambiwa aongee na vibarua mwenyewe. Akishindwa, usimamizi apewe mwingine, yeye arudishwe karakana.

Dada yangu Mwende, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, ndiye aliyemfundisha. Wakakwama kwa "get". Mwende alimsomea kamusi: kupata, kufika, kuelewa, kuleta, kushuka. Kwa Kichina, Wu alisema, kila maana ina neno lake. Kadiri alivyoandika ndivyo alivyonyamaza. Jioni moja hakurudi kuongezewa maharagwe.

"Mwende, huyu mzee umemfunga mdomo," kibarua mmoja, Kimanzi, alimtania. "Hata kula amesahau."

"Kwani asubuhi huwa anawaambia nini?"

"Anapiga kelele tu. Sisi tunakaa juu ya lori tukimwangalia hadi mkalimani afike."

Mwende alifunga kamusi. Akawaambia Kimanzi na wenzake wapande kwenye benchi, eti ndiyo lori, kisha akamnong'oneza Wu.

"Get down!" Wu akasema.

Wakaruka wote, vumbi likaingia kwenye chai. Aliposema "Get the shovels," walikimbilia jikoni wakarudi na mwiko na fagio.

"Kimanzi! Huo mwiko ni wa ugali!" mama alifoka, lakini alikuwa akicheka.

Jioni zilizofuata walirudia hayo mawili tu, hadi Wu akaacha kutazama karatasi. Mimi nilinuna. Niliona Mwende amechoka, amemnyima mtu maana zote zilizobaki.

Asubuhi ya kwanza bila mkalimani nilipita pale nikienda shule. Wu alisimama kando ya lori, akasema kwa sauti ya kawaida. Wakashuka, wakachukua sepetu. Karakana hakurudishwa.

Nimechelewa sana kuelewa kwamba kuacha mengine ndiko kulikokuwa kumfundisha, na kwamba wale walioruka kutoka kwenye benchi walikuwa walimu pamoja na dada yangu. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kuniorodheshea maana za "piga". Kupiga pasi nilikujua kwa kumtazama mama akipiga.

Jumatatu niliacha maandalizi yangu kwenye begi. Nikamuuliza kila mwanafunzi anahitaji kumwambia nani nini kesho yake kazini. Fundi mmoja, mwanamke mpole, alihitaji kuitiwa dereva. Tukasema "Get the driver" kwa zamu, mpaka dereva mwenyewe akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.

Kipindi kilipoisha, kijana wa mbele alinionyesha kamusi kwenye simu yake, akaniuliza kuhusu maana zile nyingine.

"Kesho," nikamwambia, nikafuta ubao.