Akidi ya Chama cha Mbwa wa Guno

Dada yangu ni fundi miwani. Kutwa yuko nyuma ya duka, kwenye kichumba chenye dirisha moja, anasaga vioo mpaka vikae sawasawa na macho ya mtu ambaye hajawahi hata kumwona. Kioo kikikosewa kidogo tu anakitupa na kuanza upya, wala humsikii akilalamika. Ndiyo maana mpaka leo sielewi mtu wa aina hiyo alikubalije kuwa mwenyekiti wa chama cha watu wanaofuga mbwa wa guno. Kioo ukikisaga kinasagika. Wanachama wale hawasagiki.

Nieleze kwanza mbwa wenyewe, maana si wengi waliowaona. Mbwa wa guno habweki. Mgeni akibisha hodi anainua kichwa na kuguna, guno refu la mkwe aliyepakuliwa wa mwisho, kisha analala tena. Ni mdogo, rangi yake ya udongo, mkia umejikunja, sikio moja limesimama na jingine limeanguka. Wapo wachache mno. Mjini kwetu hawafiki ishirini, na wote ni watoto, wajukuu na vitukuu wa jozi moja iliyoletwa zamani na daktari fulani wa meno. Kwa maneno mengine wote ni ndugu, na ukiwazalisha wao kwa wao wanazaa watoto dhaifu. Wengine wanazaliwa hawaoni. Wengine hawafiki hata siku ya kufungua macho tukajua kama wangeona.

Dada alikuwa na jike, Kokwa. Katika majike yote ya chama, Kokwa peke yake ndiye aliyebaki na afya ya kubeba mimba, na hata yeye umri ulikuwa unamtupa mkono. Kilichokosekana ni dume asiye wa ukoo ule. Mbegu ngeni ikipatikana, mbwa wa guno wangeendelea kuwepo. Isipopatikana, hawa tulionao wangekufa mmoja mmoja kwa uzee, na mchezo ungeishia hapo. Dada alikuwa akiniambia hivyo huku anaosha vyombo, kwa sauti ya mtu anayezungumzia nyumba inayovuja.

Halafu dume akapatikana. Mzee mmoja fundi saa, mpole, mwenye kibanda karibu na kituo cha posta, aliletewa mbwa wa guno na mdogo wake anayefanya kazi nchi ya mbali. Alimleta kwenye kikapu, akiwa bado ananyonya vidole vya watu. Mzee akampa jina Dakika, akaja kujiunga na chama siku hiyohiyo. Dada alimkagua mtoto yule kuanzia pua mpaka mkia, akamkumbatia, mimi nikaona machozi yakimlengalenga. Mwaka huo wote alikuwa akiimba jikoni.

Sasa tufike kwenye katiba. Chama kina katiba, na katiba ile aliiandika dada kwa mkono wake mwenyewe, jioni moja baada ya nyingine, kwa umakini uleule wa kusagia vioo. Inasema kwamba dume hawezi kupandishwa mpaka aidhinishwe na mkutano wenye akidi, yaani theluthi mbili ya wanachama wawepo. Na dume akifika mwaka na nusu bila kuidhinishwa, mwenye naye ampeleke kwa daktari wa mifugo akahasiwe, asije akamaliza uzao wake mitaani. Kanuni nzuri. Ukiisoma utadhani imeandikiwa watu wazima.

Hakuna aliyeifuata. Mwanachama mmoja, wakili mwenye tai na mdomo, ana dume ambaye hajawahi kuidhinishwa na mtu yeyote, na ukipita nyuma ya nyumba yake utakuta nusu ya mbwa wa mtaa wana mikia iliyojikunja. Dada akimwambia, anacheka. "Mwenyekiti, vijana ni vijana," anasema. Amevaa miwani ya mbao, na hiyo haikusagwa dukani kwa dada.

Ugomvi mkubwa wa chama ulikuwa juu ya sikio. Wakili na wenzake walishikilia kwamba mbwa wa guno halisi ni yule ambaye sikio lake la kulia ndilo limeanguka. Msusi mmoja, mama mwenye saluni na sauti ya kufika ng'ambo ya pili ya barabara, alikuwa na watu wake walioapa kwamba ni la kushoto. Mbwa wenyewe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, na hawakuonekana kujali. Nimewahi kupeleka chai sebuleni nikakuta watu wazima, wana watoto na wajukuu, wamenyoosheana vidole kwa ajili ya sikio la mbwa aliyelala usingizi chini ya meza.

Sasa Dakika, kwa bahati yake mbaya, sikio lake la kushoto ndilo lililoanguka.

Dada alipoitisha mkutano wa kumwidhinisha, wakili alipiga simu asubuhi.

"Mwenyekiti, mimi na wenzangu tuna dharura."

"Wote saba?"

"Wote saba. Ni mambo ya familia."

"Familia saba tofauti, ndugu wakili?"

"Mungu ni mwema, tutapona."

Bila wale saba akidi haitimii. Wakili alijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Fundi saa alifika kabla ya wote, kama kawaida yake, shati limepigwa pasi, Dakika amesuguliwa mpaka anang'aa. Alikaa kiti cha karibu na mlango. Tulisubiri. Msusi na watu wake wakanywa chai yote, wakamsema wakili, wakaondoka.

"Haijatimia?" mzee akauliza.

"Haijatimia, mzee wangu," dada akamjibu. "Tutaitisha tena."

"Hakuna neno. Tutasubiri."

Tuliitisha tena. Safari hii wakili alituma ujumbe kwenye kundi la simu, akasema anapinga tarehe. Tukabadilisha tarehe, msusi akakasirika kwa nini wakili anabembelezwa, naye akasusa na watu wake. Tulipoitisha mara nyingine kila mmoja alinipigia mimi, maana mimi ndiye mdogo wake mwenyekiti na inaonekana kazi yangu ni kupokea takataka.

"Mdogo wangu, yule wakili anakuja?" msusi akauliza.

"Sijui, mama."

"Akija, mimi siji. Asipokuja, nitakuja nione ni nani mwingine hakuja."

Kila mara fundi saa alikuja. Kila mara alikaa karibu na mlango na mbwa wake. Mimi nilikuwa nikipanga viti vya plastiki vya kuazima kwa jirani, kisha navirudisha bila kukaliwa, na jirani akawa ananiuliza kama sherehe imeahirishwa tena. Nilimwambia dada aachane nao. Nilimwambia watu hawa hawana shukrani, hawana aibu na hawana kazi. Yeye alikuwa akijikaza kisabuni.

"Nitawapata tu," alisema. "Siku moja watakuja wote."

Miezi ikapita hivyo, katika viti na simu. Kisha asubuhi moja dada akatoka chumbani uso umemchangamka, akaniita nikamwone Kokwa. Jike alikuwa ameingia kwenye joto. Daktari wa mifugo akaja, akampapasa, akamsikiliza moyo, akatuambia bila kuzunguka kwamba hii ndiyo ya mwisho. Safari hii akipandishwa atabeba na atazaa. Ikipita, kwa umri ule, yeye asingemshauri mtu ajaribu tena.

Dada alisimama pale katikati ya sebule, kanga begani, anafikiri. Nilijua anachofikiri. Hakukuwa na muda wa mkutano.

"Katiba nitaivunja mwenyewe," akasema. "Wakija kunihukumu, waje na akidi yao."

Nilipiga kigelegele. Kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti nilimwona amekasirika kama binadamu. Akamvisha Kokwa mkanda wake mzuri wa shingoni, akaomba ruhusa kazini, tukaenda kwa miguu mpaka kwa fundi saa. Njiani alikuwa anacheka peke yake. Alinieleza jinsi watoto watakavyogawanywa, nani apewe na nani asipewe, na wakili asipewe hata ukucha.

Kibanda cha fundi saa ni kidogo, mtu na nusu. Ukutani saa zimetundikwa kila mahali, na kila moja ina saa yake, maana nyingine zinangoja kutengenezwa. Mzee alikuwa ameinama juu ya meza, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Dakika alikuwa amelala miguuni pake. Alipomwona Kokwa aliinua kichwa, akaguna, akalala tena. Hilo lilinishangaza, lakini sikulielewa.

"Karibu, mwenyekiti," mzee akasema, akitafuta mahali pa kumkalisha. "Leo mkutano?"

"Hapana mzee wangu. Leo nimekuja kukuomba Dakika."

Akamweleza yote: daktari, joto la mwisho, na kwamba ameamua kutosubiri idhini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akakitoa kile kioo jichoni, akakifuta na pindo la shati, ingawa kilikuwa safi.

"Lakini Dakika nilishampeleka, mwanangu."

"Ulimpeleka wapi?"

"Kwa daktari. Mwezi uliopita alitimiza mwaka na nusu. Hakuwa ameidhinishwa." Akatutazama kwa zamu, kama mwanafunzi anayehakikisha kwamba jibu lake ni sahihi. "Iliniuma kidogo, sitakuficha. Lakini nikasema, wenzangu wote wamefanya, mimi ni nani. Kanuni ni kanuni."

Saa zote zile zilikuwa zinagonga, nami nilitamani kuzitupa barabarani moja moja. Mkono wa dada ulikuwa juu ya kichwa cha Kokwa na haukusogea.

"Nimekosea?" mzee akauliza.

"Hapana," dada akasema. "Umefanya vizuri, mzee wangu. Umefanya kama ilivyoandikwa."

Barabarani nilipasuka. Nilimuuliza kwa nini amemwachia hivi hivi, kwa nini hakumwambia. Watu wakageuka kunitazama, sikujali.

"Nimwambie nini?" akasema. "Kwamba katika chama kizima, mjinga ni yeye aliyenisikiliza?"

Tukatembea. Baadaye kidogo akaongeza, bila kunitazama, kwamba siku ile Dakika alipokuwa anakaribia kutimiza umri, yeye aliikumbuka kanuni ile. Aliikumbuka na akaipuuza, kwa sababu alikuwa amezoea kanuni zake zisifuatwe, mpaka akawa anategemea zisifuatwe. Alisema hivyo kwa utulivu, na hasira zangu zikakosa pa kukaa.

Habari kwenye kundi la simu aliziandika kwa mistari michache. Kokwa yuko kwenye joto lake la mwisho. Dakika amehasiwa kwa mujibu wa katiba. Mkutano Jumamosi.

Walikuja wote. Wote! Wakili alikuja na tai, na wenzake wenye dharura nyuma yake. Msusi alifunga saluni. Hata mtu mmoja ambaye tulidhani alihama alitokea na mkewe. Viti vya jirani havikutosha, watu wakakaa kwenye mikono ya makochi na juu ya ndoo niliyoigeuza. Mimi niligawa chai kwa roho mbaya, bila kuuliza nani anatumia sukari.

Na wakaanza. Msusi akasema aliyeua kizazi cha mbwa hawa ni wakili na dharura zake. Wakili akasema aliyesusa mkutano wa pili ni nani, tuanzie hapo. Mmoja akasema kosa ni la katiba, mwingine akasema kosa ni la aliyeiandika. Mwingine akauliza, kwa sauti ya kweli kabisa, kama sikio la kushoto si ndilo lililoleta balaa hili. Dada alikuwa amekaa mezani, mikono imefumbatana, anawatazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anawahesabu.

Fundi saa alikuwa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, shati limepigwa pasi, Dakika miguuni. Hakuna aliyemsemesha. Alisikiliza kelele zile zote, na nilimwona kwa macho yangu jinsi alivyokuwa akielewa, neno kwa neno, mbwa wake alikuwa nani na wenzake walikuwa hawajafanya nini. Akainua mkono. Aliuinua muda mrefu kabla watu hawajanyamaza.

"Mwenyekiti," akasema, "akidi imetimia?"

"Imetimia, mzee wangu."

"Basi naomba lile suala la Dakika. Amengoja sana."

Nilimtazama dada, nikadhani atamwambia kwa upole kwamba haina maana tena. Hakumwambia hivyo. Akasimama, akanyoosha gauni lake, na kwa sauti ileile ya mikutano akauliza ni nani anakubali kwamba dume aitwaye Dakika aidhinishwe kupandisha.

Wakili ndiye aliyetangulia kuinua mkono, macho yake sakafuni. Kisha mikono yote ikafuata, ya kulia na ya kushoto. Dada akaihesabu mkono kwa mkono, mpaka wa mwisho, ingawa hakukuwa na ambao haukuinuliwa.

"Dakika ameidhinishwa," akasema.

Mzee akamshukuru, akainama kumfunga mbwa wake kamba, akaondoka kabla sijamfikia na chai.