Mrushaji Asiyepewa Mabao

Mwaka 2018 nilikuwa naishi Garland kwa dada yangu, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, yenye kiyoyozi kilichopiga kelele kama mashine ya kusaga. Siku hizi niko Houston, nina televisheni kubwa mara mbili ya ile yetu, na nina nafasi ya kunyoosha miguu. Lakini nikikumbuka raha ya kutazama mechi, nakumbuka sebule ile. Nasikia harufu ya vitunguu vya dada, halafu nasikia sauti yangu mwenyewe nikifoka.

Nilikuwa naifokea besiboli. Mchezo wenyewe uliniingia kwa bahati tu. Ghalani nilikokuwa napakia mizigo, redio ilikuwa ya msimamizi, na msimamizi hakusikiliza kitu kingine. Mwezi wangu wa kwanza pale niliona huu ni mchezo wa watu waliokosa kazi za kufanya. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa mgonjwa kabisa. Nikampenda mrushaji mmoja wa timu ya huku kwetu, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kujifuta jasho kwa bega. Kazi ya mrushaji ni kuwazuia wapinzani wasiupige mpira wake. Mabao wanatakiwa wayatafute wenzake, zamu yao ya kupiga ikifika.

Yule bwana aliwazuia watu mpaka ukawaonea huruma. Na wenzake je? Jamani! Mtu anasimama na gongo lake, anautazama mpira unavyopita kama anatazama msafara wa waziri, kisha anarudi kukaa atafune mbegu za alizeti. Mechi nzima hawajampa hata bao moja. Mwishoni yeye anachoka, anakosea mara moja tu, na mechi imekwisha. Mimi nilikuwa nalala na hasira, utadhani nimedhulumiwa shamba.

Kila Jumamosi mchana walikuja jamaa watatu wa ghalani, Mtanzania mwenzangu na Wakenya wawili. Niliwaalika mara moja tu. Baada ya hapo walikuja wenyewe, na kwetu huwezi kumuuliza mtu atakuja lini na ataondoka saa ngapi. Akibisha hodi, karibu. Akikaribia, anakula, na kula kwenyewe si kufunguliwa pakiti ya chipsi. Ni pilau, kachumbari, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Mpishi alikuwa dada. Nani mwingine? Mimi nilikuwa na mechi.

Nyumbani Morogoro dada alikuwa nesi kwa miaka tisa. Kule wodini madaktari wageni walikuwa wanamuuliza yeye. Huku cheti chake hakikutosha mpaka afanye mtihani wa leseni, na kwa wakati ule alikuwa anawaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Siku moja alikatazwa kugusa dripu ambayo nyumbani angeiweka huku amefumba macho. Alirudi akakaa na viatu mguuni nusu saa nzima. "Nataka kazi yangu, mdogo wangu," aliniambia. "Sitaki kingine." Basi akawa anasoma jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye kitabu kinene alichokifunika kwa karatasi ya kaki kama mtoto wa shule. Kurasa zake zilikuwa na madoa ya binzari.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na jembe sikuwahi kuliona.

Mtihani ulikuwa Jumanne. Jumamosi iliyotangulia jamaa walikuja kama kawaida, na mrushaji wangu alikuwa uwanjani. Akatupa vizuri kuliko siku zote. Wapigaji wakafanya yale yale.

"Buda, hawa wamelala!" akasema Mkenya mmoja.

Nikasimama katikati ya sebule. "Hivi hawa watu wana roho gani? Mwenzao anajiua pale peke yake, wao wamekaa tu! Hawana hata haya!" Nikayasema hayo huku nikinyoosha mkono kupokea sahani, maana dada alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia.

Jamaa wakacheka. Dada hakucheka, ila aliiangalia televisheni kidogo. Hakuwa na kawaida ya kuiangalia.

"Sasa wakifungwa," akaniuliza, "anaandikiwa nani?"

"Anaandikiwa yeye. Kwenye kumbukumbu ni mrushaji ndiye aliyeshindwa."

"Hata kama wenzake hawakumsaidia?"

"Hata kama. Ndiyo sheria yao, Dada. Ni dhuluma tupu!"

"Haya," akasema. Akarudi jikoni kuleta chai.

Majibu yalitoka siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi alipotoka chumbani na simu mkononi. Hakulia. Alisema, "Nimeandikiwa mimi," akapita kwenda kuosha vyombo. Vilikuwa vyombo vyangu, vya asubuhi.

Najua mtu mwenye akili angeelewa pale pale. Mimi nilielewa nusu. Nusu nyingine niliipata jioni mama alipopiga simu kutoka Morogoro, na dada akanipa ishara niongee mimi. Mama akauliza imekuwaje. Nikasema, "Dada ameshindwa, Mama. Labda hakusoma vya kutosha."

Niliyasema kwa mdomo wangu huu. Dada alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Akafungua bomba, maji yakamwagika kwa nguvu, na mimi nikabaki na simu sikioni. Nilijichukia. Mpaka leo nikipita jikoni mwangu bomba likiwa wazi nalifunga haraka.

Jumamosi iliyofuata niliwapigia jamaa nikawaambia wasije. Mkenya akauliza, "Kwani TV imeharibika?"

"Haijaharibika. Dada anasoma."

Mtanzania mwenzangu alinuna. Alisema nimeanza kuwa Mzungu, nawafungia watu mlango. Nikamwambia sawa, niite hivyo. Nikaingia jikoni, nikamshika dada mabega nikamsogeza, nikashika mwiko. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na mabonge ya kuvunja meno. Dada aliula wote, akainua kidole kimoja bila kuondoa macho kwenye kitabu: "Punguza moto, baba." Basi. Hakunisema zaidi ya hapo, na ningefurahi kama angenisema.

Miezi miwili nilipika, nikafua, nikapiga deki. Mechi nilizisikiliza kibarazani, kisikilizi cha simu sikio moja, sikio jingine ndani, dada akihitaji chai. Mrushaji wangu aliendelea kutupa vizuri na kuandikiwa yeye. Siku moja nilimwonea uchungu mpaka nikazima. Lakini wapigaji sikuwatukana tena. Nilikuwa sina uso huo.

Alirudia mtihani mwezi wa kumi. Majibu yalipotoka nilikuwa nachambua mchele. Alitoka chumbani, akaniangalia, akakaa sakafuni pale pale mlangoni na kanga yake, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikamwaga mchele wote.

Mama akapiga simu. Nikataka kuipokea mimi, nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miezi miwili, nimwambie mama kwamba ile mara ya kwanza kosa halikuwa la dada. Dada akaniwahi. Akaiweka kwenye spika, na mkono wake mwingine ukanishika kifundo cha mkono, nisiondoke.

"Vipi mwanangu?" mama akauliza. "Umefaulu?"

"Tumefaulu, Mama," akasema dada.